Maswali ya wasomaji: wano kwanza, kigumba baadaye

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za vigumba: jiwe gani, mfupa gani, ncha iwe na umbo gani. Tutazijibu. Ila ukizisoma kwa utulivu utaona shida ya mwandishi mara nyingi iko nyuma ya kigumba, kwenye wano, ule ufito ambao ndio mwili wa mshale. Wano lililonyooka, lenye ukakamavu unaolingana na upinde, litafika shabahani hata kama ncha yake imechongwa kwa kisu tu. Kwa hiyo tumeyapanga majibu kuanzia kichakani, na vigumba vitasubiri zamu yao.

Swali: Nikate mti gani, na nikate lini? Nimeambiwa mti wowote ulionyooka unafaa.

Jibu: Si wowote, ingawa jina la mti lina uzito mdogo kuliko namna ulivyokua. Tafuta chipukizi lililoota wima kutoka kwenye kisiki au shinani mwa kichaka, la umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, linalogombania mwanga katikati ya wenzake. Chipukizi la namna hiyo hukimbilia juu bila kutoa matawi. Lile lililokua peke yake uwanjani huwa na vitawi kila upande. Kila kitawi huacha fundo, na kila fundo ni kona ndogo utakayohangaika nayo baadaye kwenye makaa.

Unapokata, unene pamoja na gome uwe kama milimita 12 au 13 upande wa shina. Ukishamenya, kukausha na kusugua, utabaki na milimita 9 hadi 10 mbele na 8 nyuma. Upande mnene ndio wa mbele, unaobeba kigumba. Urefu usipungue sentimita 90 hata kama mshale wako utakuwa wa 75, kwa sababu miisho hupasuka ikikauka, na ziada hiyo inakupa nafasi ya kuchagua kipande kilicho bora. Tazama pia kiini kwenye mkato: kama ile sehemu laini ya katikati imezidi robo ya kipenyo, liache chipukizi hilo.

Kata wakati mti umetulia, ukuaji umesimama au majani yamepukutika. Gome likibambuka kwa urahisi, ujue maji bado yanapanda, na mti wenye maji mengi husinyaa zaidi na kupasuka zaidi. Paka nta au gundi kwenye miisho siku ileile. Acha gome kwa wiki mbili ili maji yatoke polepole, kisha menya, funga mawano 10 au 12 kwa pamoja, ukikaza kamba kila baada ya sentimita 15, na uweke fungu kivulini penye hewa. Kaza tena kila siku tatu, maana fungu hulegea kadiri ufito unavyosinyaa. Wiki nne ndiyo kiasi cha chini kabisa; miezi mitatu ni bora. Ukiwa na mzani mdogo wa jikoni huna haja ya kubahatisha: wano lisipopungua hata gramu kwa wiki nzima, limekauka.

Na kata mara mbili ya unayohitaji. Yule mtu wa barafu aliyepatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na podo, yaani mfuko wa mishale, lenye mishale 14, lakini miwili tu ndiyo iliyokuwa imekamilika. Mingine 12 ilikuwa mawano ya kichaka cha jamii ya Viburnum, yenye urefu wa sentimita 84 hadi 87, yakisubiri kazi. Hilo ni podo la mtu aliyejua kazi kubwa iko wapi.

Swali: Naweka wano juu ya moto, nalinyoosha, linakuwa kama rula. Baada ya siku mbili limerudia kupinda palepale. Nakosea wapi?

Jibu: Huenda wano lilikuwa bado bichi ndani, au joto liliishia kwenye ngozi ya mti halikufika katikati, au uliliachia kabla halijapoa. Mara nyingi ni hilo la mwisho.

Tumia makaa, si ndimi za moto. Shika wano sentimita 10 hivi juu yake, upashe sehemu ya sentimita 15 kwa wakati mmoja huku ukizungusha bila kusimama. Paka mafuta kidogo kwanza ili ngozi isiungue kabla ya ndani kupata joto. Sekunde 30 hadi 60 kwa kawaida zinatosha. Kipimo chako ni kidole, ambacho hakitaweza kubaki juu ya mti. Hapo pinda kuelekea upande wa pili, upite mstari kidogo, na ushikilie hivyo hadi mti upoe, kama dakika nzima. Dakika hiyo ni ndefu kuliko inavyosikika, na wengi huiibia nusu. Rangi ya kahawia isikutishe. Ikigeuka nyeusi, mti hapo umekufa na utakatikia hapohapo.

Anza na mipindo mirefu, halafu ndiyo uende kwenye vikona vya mafundo. Ukianza na vikona utavirekebisha mara mbili. Kwa kona fupi ambayo vidole haviwezi kuikamata, toboa kipande cha mti mgumu au pembe, tundu likizidi unene wa wano kwa milimita 2. Pitisha wano humo na utumie kipande hicho kama wenzo. Kisha chungulia kutoka mkiani kuelekea mbele, ukizungusha wano polepole mbele ya jicho.

Rudia ukaguzi kesho yake, na tena baada ya wiki. Kunyoosha mara tatu ni jambo la kawaida kwa chipukizi. Wala usitafute rula: wimbi dogo katikati halina madhara, mradi ncha na mkia viko kwenye mstari mmoja. Likishatulia, lisugue kwa msasa na ulipake mafuta ya kitani au nta, kwani unyevu ndio unaolikumbusha wano umbo lake la zamani. (Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake makavu hukwaruza kama karatasi ya dukani. Ukiyapata, yanafanya kazi hii vizuri.)

Swali: Upinde wangu unavuta ratili 40. Navutia mkono wa kulia. Mishale yangu imenyooka kabisa, lakini yote inakwenda kushoto. Nimebadilisha manyoya mara mbili bila mafanikio. Nifanyeje?

Jibu: Waache ndege wapumzike. Mishale yako ni mikakamavu mno.

Mshale uliowekwa upindeni hauelekei shabahani moja kwa moja. Unaelekea pembeni kidogo, kwa sababu unene wa mpini uko njiani. Ugwe, yaani kamba ya upinde, ukiachiwa unausukuma mshale kutoka nyuma, na mshale unapinda, unauzunguka mpini kama samaki anayekwepa jiwe, kisha unajinyoosha angani. Wano gumu mno halipindi vya kutosha, hivyo mpini hulitupa nje: kushoto kwa anayevutia mkono wa kulia. Wano laini mno hupinda kupita kiasi na kwenda kulia. Kwa anayevutia kushoto mambo hugeuka.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji chombo cha kununua. Piga misumari miwili ukutani, sentimita 66 kutoka mmoja hadi mwingine, kwa usawa kamili. Laza wano juu yake. Ning'iniza katikati chupa ya plastiki yenye maji, jumla ya uzito wake na kamba iwe gramu 907, yaani ratili mbili. Pima wano limeshuka kiasi gani katikati, kisha gawanya 66 kwa sentimita hizo. Jibu ni ukakamavu kwa ratili. Likishuka sentimita 1.65, ni wano la ratili 40; likishuka 2.2, la ratili 30, likishuka 1.3 tu, la ratili 50 na zaidi.

Usikimbilie kutengeneza la 40 kwa upinde wa 40. Hesabu hiyo inafaa pinde ambazo mpini wake umekatwa ili mshale upite karibu na katikati. Upinde wa kijiti kimoja wenye mpini mnene unataka wano laini zaidi, ratili 5 hadi 10 chini ya nguvu ya upinde. Kwako wewe, lenga kushuka kati ya sentimita 1.9 na 2.2.

Kulilainisha wano ni kulipunguza unene, na hapa mkono mzito huharibu kazi. Ukakamavu hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne: ukitoka milimita 9 hadi 8.5, umepoteza moja ya tano ya ukakamavu wote. Ukifika 8, zaidi ya theluthi imekwenda. Basi sugua mara 20 kuzunguka wano lote, pima, sugua tena. Punguza katikati na nyuma kuliko mbele, ili uzito ubaki kwenye ncha.

Kama kupunguza kunakutia hofu, ongeza uzito wa kigumba kwa gramu 2 au 3, au acha wano lefu zaidi. Yote mawili hulifanya litende kama laini. Kumbuka pia kwamba chipukizi halina ukakamavu sawa pande zote: lipime, lizungushe robo, lipime tena, uweke alama upande mgumu, na alama hiyo ikae upande uleule wa upinde kwenye mishale yote ya podo lako. Mishale sita inayokosea kwa namna moja ni rahisi kuizoea kuliko sita ambayo kila mmoja una tabia yake.

Swali: Shikamooni mafundi. Ninapata matete mazuri, mepesi, yamenyooka, lakini yanapasuka mbele kila nikipiga shabaha. Je, tete halifai?

Jibu: Marahaba. Tete linafaa sana, ila haliwezi kubeba kigumba moja kwa moja. Linahitaji kijiti cha mbele cha mti mgumu, sentimita 15 hadi 20, ambacho sentimita 5 zake zinaingia ndani ya tete.

Kinachopasua ni umbo la sehemu hiyo inayoingia. Ukiichonga kama kabari, inayozidi kunenepa taratibu, kila pigo linaisukuma ndani na kulifungua tete kama kuni. Chonga bega: sehemu inayoingia iwe nyembamba kwa urefu wake wote, kisha kijiti kinenepe ghafla hadi unene wa nje wa tete, na bega hilo likae bapa juu ya mdomo wa tete uliokatwa sawasawa. Hapo pigo linapokewa na mdomo mzima. Kabla ya kuingiza chochote, funga mdomo kwa kano upana wa sentimita 2 hadi 3 na uache ukauke. Chagua mahali pa kukata ili fundo liwe sentimita 6 nyuma ya mdomo. Fundo ndilo ukuta wa mwisho kama kijiti kitateleza.

Mkiani fanya vivyo hivyo kwa kinyume: kata ili fundo liwe chini kidogo ya pengo la ugwe, ule mkato wa mkiani unaoupokea ugwe. Kama mpangilio wa pingili haukuruhusu, ziba tundu la mkia kwa kijiti chenye gundi na ukate pengo humo. Matete yavunwe yakiwa yamekomaa na kugeuka manjano. Kunyoosha ni kwenye mafundo tu. Ukipasha pingili tupu inabonyea.

Swali: Pengo la ugwe linapasuka baada ya mishale michache. Nalifunga kwa uzi lakini wapi.

Jibu: Angalia kama ugwe unaingia kwa kubana. Ugwe uliobana ni kabari. Unatakiwa uingie kwa mshiko mdogo tu, mshale uning'inie bila kuanguka, lakini ukigonga ugwe kwa kidole udondoke. Kina cha pengo kiwe milimita 6 au 7, na sakafu yake iwe ya mviringo, kwa sababu pembe kali ndipo ufa unapoanzia. Mkia usiwe mwembamba kuliko milimita 8, la sivyo masikio mawili ya pengo hayana nyama. Kano zianze milimita 2 chini ya sakafu ya pengo na zishuke kwa upana wa milimita 12.

Kama wano lako limepasuliwa kutoka kwenye gogo au ubao, kata pengo likivuka mistari ya ukuaji, lisiifuate. Ukiifuata umeshaanza kuupasua mshale kwa ajili ya ugwe.

Swali: Naomba maelezo ya manyoya. Mangapi, ya ndege gani, na yanafungwaje bila gundi ya dukani?

Jibu: Manyoya makubwa ya bawa ya bata bukini au bata mzinga ni mazuri, ya ndege mwingine mkubwa pia yanafaa. Okota yaliyodondoka, au chukua ya ndege wa kufugwa, maana ndege wengi wa porini wanalindwa na sheria na manyoya yao pia. Matatu kwa mshale mmoja, yote ya bawa la upande mmoja. Unyoya wa bawa la kushoto na wa kulia umepinda kinyume, na ukivichanganya kimoja kinauzungusha mshale huku na kingine kule.

Loweka uti wa unyoya kwa dakika chache katika maji ya uvuguvugu usije ukavunjika vipande, kisha upasue katikati kwa wembe kufuata ule mfereji. Sugua upande wa ndani hadi ubaki unene wa milimita moja. Kata urefu wa sentimita 12 wa unyoya, na uache uti mtupu sentimita 2 kila upande wa kufungia. Kimo cha unyoya milimita 12 hadi 15 kinatosha. Upande mnene wa uti unaelekea mbele, ili nywele zilalie nyuma.

Pima sentimita 3 kutoka pengo la ugwe. Hapo ndipo unyoya unapoishia, vidole vipate nafasi. Unyoya mmoja usimame wima kwa mstari wa pengo, ukitazama nje ya upinde. Mingine miwili igawane mzunguko uliobaki kwa usawa. Funga miisho ya nyuma yote mitatu kwanza. Vuta kila uti mbele hadi ukaze, ndipo ufunge mbele. Usipovuta, unyoya unajikunja kama daraja katikati. Kwa mshale wa kudumu, zungusha uzi mwembamba wa kano kati ya nywele za manyoya kila baada ya milimita 5 hadi 7, ukitumia sindano kuzitenganisha, kisha uzilaze tena kwa kidole.

Sasa jambo ambalo halisamehe. Mwisho wa mbele wa uti lazima uchongwe uwe mwembamba kama ukucha na ufunikwe wote kwa kano. Mshale unapita juu ya mkono wako kwa kasi, na uti uliochomoza mbele unaingia nyamani kama mwiba. Pitisha kidole kutoka mbele kwenda nyuma juu ya kila kifungo. Ukihisi kitu chochote, fungua ufunge upya.

Anayetaka njia fupi afunge manyoya mawili mazima, hayakupasuliwa, moja juu na moja chini, yakilala bapa. Kwa umbali wa mita 15 au 20 utapata mshale unaoruka vizuri kabisa.

Swali: Gundi yangu ya utomvu wa msonobari inapasuka kama kioo. Na je, nyuzi za mkonge zinaweza kuchukua nafasi ya kano?

Jibu: Gundi inayopasuka imechemka. Utomvu ukichemshwa hupoteza mafuta yake na kubaki kitu kigumu kisicho na mshiko. Yeyusha taratibu kwenye kopo kuukuu juu ya makaa, mbali na ndimi za moto, kwa sababu utomvu hudaka moto upesi. Uwe na kifuniko mkononi, na usimwage maji juu yake ukiwaka. Vipimo vya kuanzia kwa ujazo: utomvu uliochujwa sehemu nne, unga laini wa makaa sehemu moja, nta nusu sehemu. Chovya kijiti, tia katika maji baridi, kisha pinda tone lililoganda. Likikatika kwa mlio, ongeza nta. Likinyooka kama ubani uliotafunwa, ongeza unga wa makaa.

Kuhusu uzi: kano zina kipaji ambacho mmea hauna. Zikilowa hulainika na kutoa gundi yake zenyewe, zikikauka husinyaa na kubana. Chukua kano kavu ya mguu wa ng'ombe, igonge kwa nyundo ya mti juu ya gogo hadi ichanike, uchambue nyuzi za sentimita 20 hadi 30. Loweka katika maji ya uvuguvugu. Maji ya moto huzikunja na kuziharibu. Zungushia bila fundo lolote, mwisho ukiulaza juu ya mizunguko na kuulainisha kwa kidole. Ngoja siku nzima, kisha ufunike kwa nta au gundi ya utomvu, kwani kano iliyolowa mvua inaachia kama ilivyoshika. Mkonge na kitani vinafaa, lakini havisinyai: sokota uzi mwembamba, paka gundi chini, kaza kadiri uwezavyo, paka gundi juu.

Swali: Nachonga vigumba vya gumegume na vya vitako vya chupa. Kila nikikaribia kumaliza kinakatika katikati, au ukingo unasagika tu bila kutoa kibanzi. Na kiwe kikubwa kiasi gani?

Jibu: Tuanze na ukubwa, kwa sababu wengi huchonga mkuki. Urefu wa sentimita 3 hadi 4, upana usiozidi 2, unene milimita 4 au 5. Zaidi ya hapo unalilemea wano.

Ukingo unasagika kwa sababu ni mwembamba na haujaandaliwa. Kabla ya kila safu ya vibanzi, usugue kwa jiwe kavu hadi upoteze makali, huku ukiushusha uwe karibu na uso ule unaotaka kuutoa kibanzi, chini ya mstari wa katikati ya unene. Kisha weka ncha ya pembe, au msumari mnene wa shaba ulioshindiliwa kwenye mpini, na usukume kuelekea ndani ya jiwe kwanza. Kushindilia chini kunakuja mwishoni tu. Anayeanza kwa kushindilia chini hupata vibanzi vifupi vinavyokatika kwa ngazi, na ngazi zikirundikana katikati, kigumba hakipungui tena unene.

Kukatika katikati ni suala la kiganja. Jiwe likishikwa miisho miwili huku tumbo likiwa wazi, msukumo wowote unalivunja kama daraja. Lilaze lote kwenye ngozi nene ndani ya kiganja. Mapengo ya pembeni ya kufungia yawe kazi ya mwisho kabisa.

Vaa miwani ya kinga. Fanya kazi nje, penye upepo, ukiwa na barakoa, kwa kuwa vumbi la mawe haya huharibu mapafu na halitoki tena. Tandika turubai ukusanye vibanzi vyote. Cha chupa kinakata kuliko wembe.

Kukipachika, kata mfereji wa sentimita 1.5 kwenye ncha ya wano, ujaze gundi ya moto, bandika kigumba, uzungushe mshale juu ya ukucha. Kikiyumba, pasha gundi na ukisogeze. Kisha funga kano kupitia mapengo.

Lakini kwa mazoezi hatukushauri jiwe kabisa, maana linapasuka kwa kokoto ya kwanza. Chonga ncha ya wano lenyewe, uizungushe juu ya makaa hadi iwe kahawia hafifu, uikwangue. Ukitaka kitu cha kudumu, kata kipande cha mfupa wa mguu wa ng'ombe usiochemshwa, ulowekwe siku moja ili ukatike kirahisi, usugue kwenye jiwe la mchanga.

Swali: Mshale mwepesi si ndio unaokwenda mbali?

Jibu: Kwa kiasi fulani, halafu upinde unalipa gharama. Nguvu ambayo mshale haukuibeba hubaki kwenye mti wa upinde, na mshale mwepesi mno unakuwa kama kuachia ugwe mtupu. Pinde za mti huvunjika hivyo. Kadiria gramu 1.4 za mshale mzima kwa kila kilo ya mvuto: upinde wa ratili 40, yaani kilo 18, unataka gramu 25 hivi. Uwianishe mshale juu ya kidole. Kwa urefu wa sentimita 75, unatakiwa usimame sawa sentimita 8 hadi 11 mbele ya katikati.

Swali: Mshale umegonga jiwe, lakini unaonekana mzima. Niutumie?

Jibu: Macho hayatoshi. Shika miisho miwili, uupinde kidogo, uuzungushe robo, upinde tena, hadi mzunguko mzima, ukiuweka karibu na sikio. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika, au kidole kikigundua uzi wa mti ulionyanyuka, mshale huo umekwisha. Wano lenye ufa likiachiwa kwa nguvu ya ugwe hupasuka mkononi, na kipande cha nyuma hupitia kwenye mkono unaoshika upinde. Fanya ukaguzi huu kabla ya kila mshale kurudi podoni, uwe umegonga jiwe au hapana.

Uliokataliwa uvunje vipande viwili palepale, asije mwingine akauokota. Kano za kigumba na za manyoya zilowekwe katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, zitaachia zenyewe. Kigumba pasha gundi yake kitoke. Kisha chagua wano jingine kwenye lile fungu ulilolikausha.